Tazama Kwanza, Maneno Baadaye: Shajara ya Maonyesho Yetu ya Filamu

Wiki ya 1

Tumekaa watu watano leo na tumekubaliana jambo moja tu: tutaonyesha filamu kila baada ya wiki mbili, kwa miezi sita, na ziwe filamu ambazo hakuna kati yetu angezikuta kwa kupekua simu usiku. Mengine yote tumebishana.

Kilichotuleta ni uchovu. Huduma za filamu za mtandaoni zinanijua mno. Nikitazama hadithi ya upelelezi leo, kesho naletewa wapelelezi kumi. Mashine ile hukumbuka nilichopenda jana na kunirudishia kikiwa kimebadilisha shati. Filamu isiyo na nyota wala trela, iliyopigwa na watu watatu kwa kamera ya kuazima, haina njia ya kunifikia huko. Inahitaji mtu mwenye jina na sura aniambie: hii, kaa uitazame.

Tulivyo navyo: ukumbi wa kuazima wenye viti 60, projekta moja ambayo taa yake imeshachoka, spika mbili na laptopu yangu. Kazi yangu ni mitambo, pamoja na kuandika shajara hii, ili baadaye tusije tukadai kwamba tulijua tangu mwanzo tulichokuwa tukifanya.

Wiki ya 2

Tumepiga kura. Kila mmoja alileta filamu tatu, tukawa nazo 15, kila mtu akazipanga kwa namba, tukajumlisha. Iliyoshinda haikuwa chaguo la kwanza la mtu yeyote. Kwa huyu ilikuwa ya tatu, kwa yule ya nne, na hakuna aliyeichukia. Moyo ulinicheza kidogo, lakini sikusema kitu. Hesabu ilikuwa ya haki.

Wiki ya 3

Onyesho la kwanza, watu 34. Filamu ikaanza, ikaisha, watu wakapiga makofi ya adabu na kuanza kukunja viti. Hakuna aliyebaki kubishana. Nilipokuwa nakusanya waya, dada mmoja aliyekaa mstari wa mbele akanipitia: "Ilikuwa nzuri, asante kaka." Sauti yake ilikuwa ileile ya kumshukuru mtu aliyekupisha mlangoni.

Siitaji filamu yenyewe kwa kuwa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kura. Kura hung'oa kile ambacho mtu mmoja anakipenda kupita kiasi na wengine wawili hawakielewi, na mradi huu umeanzishwa kutafuta hichohicho.

Wiki ya 4

Utaratibu mpya. Anachagua mtu mmoja, kwa zamu, peke yake, wala hahojiwi. Ila ana wajibu mmoja: filamu ikiisha anasimama mlangoni, na kila anayetoka anampitia. Aliyefurahi atajua wa kumshukuru, aliyechukizwa atajua wa kumshika shati. Mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tunamwita Mzee, alicheka: "Basi mimi nitachagua kwa woga." Hakuchagua kwa woga hata kidogo, kama itakavyoonekana.

Wiki hii nimekuwa nikisoma habari za watu waliotutangulia katika wazimu huu. Mwaka 1946, Maya Deren alikodi ukumbi mdogo wa michezo ya kuigiza jijini New York, Provincetown Playhouse, akaonyesha filamu zake mwenyewe, maana hakuwa na sinema ya kumpokea. Kati ya waliomfuata alikuwa kijana aliyekimbia Vienna, Amos Vogel. Mwaka uliofuata, Vogel na mkewe Marcia walianzisha klabu yao, Cinema 16, katika ukumbi huohuo. Ilidumu hadi 1963, na ilipokuwa kileleni ilikuwa na wanachama wapatao 7,000. Kwa kuwa ilikuwa klabu ya wanachama, haikubanwa na wakaguzi wa filamu wa jimbo kama zilivyobanwa sinema za kawaida.

Kinachonivutia zaidi ni upangaji wake. Kwa usiku mmoja Vogel aliweza kuweka filamu ya kisayansi, kisha katuni, kisha jaribio lisilo na hadithi yoyote. Wanachama walishalipia msimu mzima, kwa hiyo walikuja hata kwa wasichokijua. Sisi hatuna ada ya msimu, tuna udadisi wa watu 34, na sina hakika wangapi watarudi.

Wiki ya 5

Mzee kachagua *Meshes of the Afternoon*. Ni filamu ya dakika 14 ambayo Maya Deren aliitengeneza mwaka 1943 pamoja na mumewe, Alexander Hammid, nyumbani kwao, na yeye mwenyewe ndiye anayeigiza. Kuna ufunguo, kisu, ua, na mtu mwenye kioo mahali pa uso. Ukitaka kuisimulia unakwama. Ukisema "halafu", unagundua kwamba hakuna halafu.

Ilizaliwa bila sauti, na muziki wa Teiji Ito uliongezwa mwaka 1959. Mzee akaamua tuionyeshe mara mbili mfululizo, kwanza kimya, kisha na muziki, bila neno lolote katikati.

Saa moja kabla ya watu kuingia nikagundua kwamba ukimya wetu una kelele: feni ya projekta. Kwa filamu ya kawaida huisikii, lakini skrini ikinyamaza inageuka kuwa lori linalopanda mlima. Tukaisogeza projekta hadi ukuta wa nyuma na kuvuta lenzi. Tukapoteza mwanga kidogo, feni ikapungua ikawa kama pumzi ya mtu aliyelala.

Mara ya kwanza ilikuwa ngumu kukaa nayo. Nilisikia kiti kikilia, mtu akikohoa kisha akiomba radhi kwa kunong'ona kana kwamba yuko msibani. Mara ya pili, muziki ulipoanza, mabega ya ukumbi mzima yalishuka. Baadaye pale mlangoni kijana mmoja alimwambia Mzee kwamba ile ya kwanza ilikuwa yake, ya pili ilikuwa ya mwanamuziki. Mama aliyekuwa nyuma yake akapinga, akasema ile ya kwanza ilimtisha kwa sababu hakujua ahisi nini. Walibishana dakika 45, taa zimeshawashwa na mimi nimeshafungasha kila kitu.

Watu walikuwa 27, saba pungufu. Sijali.

Wiki ya 6

Siku ya mitambo. Nimezima kwenye projekta ule mpangilio unaolainisha mwendo, unaobuni fremu za ziada (fremu ni zile picha moja moja zinazounda filamu) kati ya fremu za kweli. Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde, na mtetemo wake mdogo ni sehemu ya ngozi yake. Ukiulainisha, kila filamu inafanana na tamthilia ya mchana. Nimezima pia kile kinachotanua picha ya zamani ya mraba ijaze skrini, watu wakanenepa. Hakuna aliyewahi kulalamika juu ya haya mawili, jambo linalonisikitisha zaidi kuliko makosa yenyewe.

Wiki ya 7

Zamu yangu. Nimeiharibu.

Nilichagua *La Jetée* ya Chris Marker, ya mwaka 1962, dakika 28. Karibu yote imeundwa kwa picha mnato nyeusi na nyeupe, moja baada ya nyingine, juu yake sauti ya msimulizi. Karibu yote, nasema, kwa sababu kuna mahali pamoja, kwa sekunde chache, ambapo kanuni hiyo inavunjwa. Nimeitazama mara nyingi na bado nikifika hapo nywele za mkono zinasimama.

Kwa hiyo nikafanya kile afanyacho kila mpenzi wa kitu: nilisimama mbele nikakieleza. Dakika 12 nzima. Nikawapa historia ya mwongozaji, nikawaeleza picha mnato zinafanya nini kwa kumbukumbu, na mwisho, nikijiona mkarimu, nikawaambia wakae chonjo, kuna mahali patakuja.

Walikaa chonjo kweli. Nilikuwa nyuma, nikawa naona vichwa. Kwa dakika zote zile watu hawakuwa wakitazama filamu, walikuwa wakiwinda. Pale palipofika, vichwa vilitikisika kwa pamoja kama vya wanafunzi waliosikia mwalimu akitaja jambo litakalokuja kwenye mtihani. Imeonekana, tuendelee. Mlangoni watu walinishukuru kwa maelezo. Hakuna hata mmoja aliyetaja filamu.

Niliwaibia. Mahali penyewe sipataji hapa, angalau nisimwibie na msomaji.

Wiki ya 8

Ugomvi, wa heri lakini ugomvi. Nilipendekeza tuache kabisa utangulizi. Dada anayetuandikia vipeperushi alinikatalia machoni: "Kaka, mtu asiyejua aanzie wapi anajiona mjinga. Na mtu anayejiona mjinga harudi." Sikuwa na jibu. Hadi sasa sina jibu kamili.

Nikamletea mfano wa semina ya Flaherty, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1955 na Frances Flaherty, mjane wa mwongozaji Robert Flaherty. Huko washiriki hawaambiwi wataona nini. Wanaingia, taa zinazimwa, na mazungumzo yanakuja baadaye. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema wale ni watengenezaji filamu na wasomi waliotenga siku nzima nzima kwa kazi hiyo, sisi watu wetu wanatoka kazini wamechoka na mkoba bado uko begani.

Tumefikia hapa: kabla ya filamu hakuna neno, hata jina la filamu halitangazwi. Karatasi ya maelezo itakuwepo, na ataiandika yeye, ila itagawiwa mtu akitoka. Aliridhika nusu. Mimi pia nusu. Tumepewa wiki tano za majaribio na Mzee, ambaye amejiteua kuwa hakimu.

Wiki ya 10

Nataka kuandika kuhusu haki za kuonyesha filamu, kwa sababu ndiyo kazi inayokula muda wangu na haionekani ukumbini.

Watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, wanadhani ukinunua diski umenunua filamu. Diski ni ya sebuleni. Kuwasha filamu hiyohiyo mbele ya watu 30 wasio wa nyumba moja ni haki nyingine, nayo inaombwa kwa mwenye nayo, hata kama mlangoni hakuna kiingilio. Kumjua mwenye nayo ndipo shughuli ilipo. Filamu ndogo hupita mikononi mwa watu kama shuka la hospitali: mtayarishaji amefariki, kampuni imefungwa, msambazaji ana haki ya nchi moja tu, na mwongozaji mwenyewe hana nakala.

Mfano ninaowapa wanaonishangaa ni *Killer of Sheep*. Charles Burnett aliipiga mwishoni mwa wiki, katika mtaa wa Watts huko Los Angeles, akitumia zaidi watu wasio waigizaji, ikawa kazi yake ya kuhitimu chuo kikuu cha UCLA mwaka 1977. Bajeti haikufika dola 10,000. Lakini aliweka ndani yake nyimbo nzuri mno, na haki za nyimbo hizo hazikuwa zimelipiwa, kwa hiyo filamu haikuweza kusambazwa sinema. Ikaishi kwenye maonyesho madogo na madarasani. Mwaka 1990 iliingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, na bado mtu wa kawaida hakuweza kuikata tiketi. Ilitoka rasmi mwaka 2007, baada ya muziki kulipiwa takriban dola 150,000, mara 15 na zaidi ya gharama ya filamu yenyewe. Miaka 30 imefungiwa na nyimbo.

Na upo upande wa pili wa kichekesho. *Night of the Living Dead* ya mwaka 1968 ilibadilishwa jina kabla ya kutoka, na jina jipya lilipowekwa, tangazo la hakimiliki lililokuwa chini ya jina la zamani likaachwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, kosa hilo lilitosha: filamu ikawa mali ya umma tangu siku ya kwanza. Mstari mmoja wa maandishi.

Hali yangu kufikia leo: barua pepe nyingi kuliko ninavyotaka kuzihesabu. Msambazaji mmoja alikaa wiki sita kisha akanijibu kwa neno moja, "imepokelewa". Waongozaji wa filamu fupi, kinyume chake, ndio watu wepesi kuliko wote. Mmoja alituma faili siku ileile, na malipo aliyoomba ni picha ya watu wakitazama. Tumempigia, gizani, haionekani kitu ila nusu duara za paji za nyuso. Alisema ni picha nzuri kuliko alivyotarajia.

Wiki ya 11

Aibu. Filamu ya leo ilikuja kwa faili mbili, picha upande mmoja na maandishi ya tafsiri ya chini upande mwingine. Mchana nilijaribu dakika mbili za mwanzo, yote sawa, nikazima.

Usiku, kufikia dakika ya 10, maandishi yalikuwa yametangulia. Mhusika anafungua mdomo, jibu lake limeshapita. Kufikia dakika ya 20 watu walikuwa wakisoma kilio cha mtu ambaye bado anacheka. Nikabonyeza kitufe cha kuyachelewesha, yakakaa sawa, nikapumua. Dakika tano baadaye yametangulia tena. Nikayachelewesha tena. Ukumbi ulianza kuguna.

Nikasimamisha filamu, nikawasha taa, na hapo akili ikanirudia. Picha ilikuwa ya fremu 24 kwa sekunde. Maandishi yalitengenezwa kwa nakala ya televisheni ya fremu 25, ambayo hukimbia asilimia nne zaidi. Kwa hiyo kosa halikai mahali pamoja, linakua. Neno linalopaswa kuonekana dakika ya 50 linatokea dakika ya 48. Kuyasukuma mbele hakusaidii, unatibu sekunde moja na kuacha saa nzima. Dawa ni kuzidisha kila muda kwa 25 na kugawa kwa 24, na programu ya kuhariri maandishi hufanya hivyo kwa kubofya mara moja ukishajua unachotafuta. Dakika tisa za kusimama. Watu wanne waliondoka, mmoja wao akinipigapiga bega kwa huruma, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kuzomewa.

Kuanzia sasa najaribu mwanzo, katikati, na sentensi ya mwisho kabisa. Hasara yake ni kwamba mtu wa mitambo huwa ameshauona mwisho wa kila filamu.

Wiki ya 13

Zamu ya dada wa vipeperushi. Aliyepinga ukimya ndiye aliyeutumia kwa ukali kuliko sote: *Touki Bouki* ya Djibril Diop Mambéty, Senegal, 1973. Vijana wawili, Mory na Anta, wanaota kwenda Paris, na pikipiki yao ina pembe za ng'ombe mbele. Wimbo wa Josephine Baker wa kuisifu Paris unarudi na kurudi hadi unageuka kutoka ndoto kuwa dhihaka. Nakala tuliyopata ni ile iliyokarabatiwa mwaka 2008, na rangi zake zinaweza kukugonga kifuani.

Bila neno, taa zikazimwa. Na kama anavyojua aliyeiona, mwanzoni kundi la ng'ombe linakuja polepole, kisha tuko machinjioni, na machinjio yale si ya kuigiza.

Mama mmoja alitoka hata dakika tano hazijaisha. Dada alimfuata nje, kwa kuwa mlango ni wa mwenye zamu. Mama hakuwa amekasirika. Alisema: "Sikatai filamu yenu. Nakataa kuviziwa."

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya laptopu. Kanuni yangu ya wiki ya 8 ilikuwa na tundu kubwa: nilichanganya kumharibia mtu mshangao na kumnyima nafasi ya kujiandaa. Waliobaki, lazima niseme, walitoka wamechangamka kuliko usiku wowote. Vijana wawili waliigiza ile pikipiki kwenye ngazi.

Wiki ya 14

Taa ya projekta imekufa. Tumenunua nyingine. Sasa tunaona kwamba filamu zote za nyuma tulizionyesha kwa rangi ya chai.

Wiki ya 15

Mwenzetu wa tano, ambaye huwa hasemi kitu vikaoni, alichagua *Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles*. Chantal Akerman aliitoa mwaka 1975 akiwa na miaka 24. Siku tatu za mama wa nyumbani, kamera imetulia tuli, anapika, anapanga, anakunja. Mwaka 2022 jarida la Sight and Sound lilipouliza wahakiki juu ya filamu bora za wakati wote, kura linayoipiga kila baada ya miaka kumi tangu 1952, hii ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza, ya kwanza ya mwanamke kufika hapo. Hatukusema lolote kati ya hayo. Hatukusema pia kwamba ni dakika 201.

Tulikuwa tumeshaongeza onyo la mambo yanayoumiza. Urefu haukutujia akilini.

Waliingia 41, wakatoka 17 kabla haijaisha. Nilikaa karibu na mlango nikawauliza kwa sauti ya chini, na hakuna aliyesema inachosha. Walisema usafiri, watoto, zamu ya alfajiri. Mwanamume mmoja alikuwa na uchungu wa kweli: "Ungeniambia ningepanga. Sasa nimeikata katikati, nayo nilikuwa nimeshaingia."

Waliobaki 24 waliona kitu nilichodhani hakionekani. Kwa zaidi ya saa moja wamemtazama mwanamke huyu akifanya kila kitu sawasawa, kila kifuniko mahali pake, kila taa inazimwa anapotoka chumbani. Kisha siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Basi, hivyo tu, sufuria ya viazi. Na ukumbi wangu ukashtuka. Mtu wa mstari wa tatu alisema "Aa!" kwa sauti, kama mtu aliyeona gari likiteleza.

Hukumu ya Mzee: mwenye zamu atasimama mbele na kusema mambo mawili, filamu ina urefu gani na ndani yake kuna nini kinachoweza kumuumiza mtu. Baada ya hapo anakaa. Jana tulipima kwa saa, sekunde 20.

Wiki ya 17

Watu 19, mvua. Filamu fupi tano. Nilipanga mimi mfuatano na nikakosea: kichekesho kiliwekwa kabla ya filamu ya mazishi, na watu wakaendelea kutafuta utani ndani ya jeneza kwa dakika sita. Aliyeitengeneza ile ya mazishi alikuwa ukumbini. Nilimwomba radhi, akasema anataka kuiona tena ikiwa ya kwanza. Tumekubaliana.

Wiki ya 19

Kikundi cha vijana wanaojifunza ufundi umeme wameomba onyesho la peke yao, mchana, madirisha tumeyaziba kwa maboksi. Vijana 22, wengi hawajawahi kuona filamu ya nyeusi na nyeupe hadi mwisho. Wenzangu wakaniambia nichague mimi, nimalize deni langu.

Nikasimama mbele. "Dakika 28. Kuna vita na kuna kifo, hakuna damu nyingi." Nikaenda kukaa nyuma.

Dakika mbili za kwanza kulikuwa na minong'ono, mmoja akauliza kama laptopu imekwama. Wa pembeni akamjibu kwamba imekwama. Nilishika kiti nisisimame. Kufikia dakika ya saba wote walikuwa wameshaelewa kwamba haijakwama, na ukimya ulikuwa wa aina nyingine, wa watu wanaosubiri picha inayofuata kama wanaosubiri mtu amalize sentensi.

Kisha pale pakafika. Nilikuwa nimesahau kupumua. Msichana aliyekaa ukingoni, mstari wa pili, alimshika mwenzake mkono kwa nguvu, na mwenzake hakuwa ameona. "Nini?" "Umeona?" "Nimeona nini?" "Imefanya... subiri." Na sekunde zile zilikuwa zimeshapita.

Mlangoni nusu ya vijana walikuwa wameona na nusu hawakuona, na walioona hawakuwa na hakika. Mmoja aliapa ni macho yake tu. Msichana yule alinisimamia mbele: "Kaka, sema kweli, ilifanya au haikufanya?" Nilitamani sana kumjibu. Nikamwambia turudie. Tukafunga tena maboksi, na vijana 22 wakaitazama *La Jetée* mara ya pili mfululizo, mwalimu wao akiangalia saa yake kwa hasira iliyopoa kidogo kidogo.

Karatasi za maelezo wamechukua zote. Dada wa vipeperushi amenikumbusha, kwa furaha ambayo hakuificha, kwamba ni yeye aliyeziandika.

Wiki ya 21

Yule msichana amekuja kwenye kikao chetu. Anataka zamu. Tulikuwa hatujafikiria kwamba mtu wa nje ya watu watano anaweza kuchagua, na Mzee akauliza, sasa nani hasa ni wa ndani. Tumempa wiki ya 23. Anajua masharti: urefu, kinachoumiza, kisha mlango. Haki za kuonyesha ameziomba mwenyewe, ameniletea jibu la mwongozaji likiwa limekunjwa mara nne, na jina la filamu amelifunika kwa kidole.

Wiki ya 22

Ameleta faili leo kwa ajili ya jaribio. Nimemwambia jaribio ni mwanzo, katikati na sentensi ya mwisho, akanitazama kana kwamba nimemwomba funguo za nyumba yao. "Kwa hiyo wewe utaiona?" Nikasema huwa naiona, ndiyo kazi. Akakaa kimya.

Basi nimemfundisha. Nimemwonyesha pa kuangalia fremu kwa sekunde, pa kuruka hadi dakika za mwisho, namna ya kujua maandishi yanapotangulia. Picha ataikagua yeye. Mimi nimegeuza kiti changu kikatazama ukuta wa nyuma, mkono mmoja kwenye kidhibiti cha spika. Nimesikia maji, mbwa mmoja, mwanamke akihesabu kwa lugha nisiyoijua. Kushoto kulikuwa na mkwaruzo kidogo, waya ulikuwa haujaingia vizuri, nikaukaza.

"Maandishi yamekaa," akasema nyuma yangu. "Usigeuke."

Sauti iko sawa.